Barua ya wazi kwa Katibu Tawala wa Mkoa wa Kigoma: wiki nane za fildi zisiishie masjala

Ndugu Katibu Tawala,

YAH: MAFUNZO KWA VITENDO YA WANAFUNZI WA SHAHADA YA USTAWI WA JAMII

Kila ifikapo Julai, wanafunzi wa shahada ya ustawi wa jamii hubisha hodi kwenye halmashauri zetu wakiwa na barua ya utambulisho, daftari la fildi, yaani la mafunzo kwa vitendo, na fomu ya tathmini. Septemba wengi huondoka na alama nzuri, lakini hawajaandika hata ripoti moja ya uchunguzi wa kijamii, yaani maelezo ya maisha ya mtoto na familia yake, ambayo hakimu wa Mahakama ya Watoto angeweza kuitegemea. Tatizo hili haliko Kigoma peke yake, na sisi wa vyuoni tunabeba sehemu yetu. Tunakuandikia kwa sababu sehemu kubwa ya dawa yake inahitaji kalenda na maelekezo, wala si fedha nyingi.

Tuanze na saa. Shahada ya kwanza nchini hupimwa kwa krediti zisizopungua 360, kila krediti ikihesabiwa saa 10 za kusoma, yaani saa 3,600 kwa jumla. Wiki nane za fildi, siku tano kwa wiki, saa nane kwa siku, ni saa 320. Marekani shahada kama hii haithibitishwi bila saa 400 za fildi, na anayemsimamia mwanafunzi lazima awe amesomea fani hiyo na kuifanyia kazi angalau miaka miwili. Hatusemi tuige. Tunasema saa zetu ni chache tayari, hivyo kila siku inayopotea ni hasara kubwa.

Na zinapotea kuanzia mlangoni. Barua ya mwanafunzi hupokelewa masjala, ikapanda kwa Mkurugenzi, ikashuka Utumishi, ikaenda kwa Mganga Mkuu kwa kuwa ustawi wa jamii uko chini ya divisheni ya afya, ndipo imfikie afisa ustawi. Afisa akiwa safarini, wiki ya kwanza imekwisha na mwanafunzi amekaa kwenye benchi. Halafu Julai ndiyo mwanzo wa mwaka wa fedha: fedha za matumizi mengineyo, yaani za kuendeshea ofisi, hazijashuka, mafuta ya pikipiki hakuna, karatasi za kuchapia zinahesabiwa. Afisa asiyeweza kwenda kijijini hana pa kumpeleka mwanafunzi. Basi humpa kazi iliyopo, yaani kupanga majalada, kuchapa barua na kujaza orodha za kaya. Hizo ni kazi halali za ofisi, ila hakuna anayehitaji miaka mitatu ya chuo ili azijue.

Kazi yenyewe ni ipi? Chukua shauri la matunzo ya mtoto, ambalo halikosekani ofisi yoyote ya ustawi. Mama amekaa mezani na mtoto mgongoni, baba ameitwa kwa barua kupitia mtendaji wa kata. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka anayeamua matunzo atazame kipato na mali za wazazi wote wawili, majukumu mengine waliyonayo, na gharama za maisha mahali mtoto anapoishi. Mwanafunzi amesoma hayo darasani na anaweza kuyataja bila kutazama daftari. Lakini akiwa kwenye mialo ya wavuvi ya Katonga au Kibirizi, baba akasema “mimi mvuvi”, mwanafunzi huandika: “Baba ni mvuvi, kipato chake hakieleweki.” Shauri limefia hapo.

Kipato cha mvuvi wa dagaa kinaeleweka kwa anayejua kuuliza. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi hupumzika. Mwezi wa mvuvi una siku za kazi na siku za ukame. Aulizwe: chombo ni chako, au wewe ni baharia tu? Mkishatoa gharama za mafuta, mnagawanaje? Giza lililopita mliingia ziwani usiku ngapi? Wakati wa mbalamwezi unafanya nini? Na ziwa likifungwa kwa uvuvi, kama lilivyofungwa mwaka 2024 kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, nyumba inakula nini? Majibu hayo yakiandikwa, afisa anaweza kupendekeza kiasi kinacholipika: kikubwa zaidi siku za giza, kidogo zaidi siku za mbalamwezi, au sehemu yake itolewe kwa unga, sare na daftari. Kiasi cha kila tarehe mosi kilichobuniwa kwa kumfikiria mwajiriwa wa serikali hakilipwi, na mama hurudi ofisini baada ya miezi miwili akiwa amechoka zaidi. Angalia pia kwamba fildi huangukia kipindi ambacho ziwa linaweza kuwa limefungwa. Mwanafunzi asiyeambiwa hivyo atapima kipato cha mwaka mzima kwa miezi mibaya kuliko yote.

Ripoti ya mtoto aliyefikishwa mahakamani kwa kosa ina ugumu wa namna hiyohiyo. Mahakama huitaka kabla ya kuamua mtoto afanyiwe nini, kwa hiyo kila sentensi ina uzito. Wanafunzi wetu huandika “familia ni maskini na malezi ni duni”. Hiyo ni hukumu, na hakimu hakuomba hukumu kutoka kwa afisa ustawi. Anahitaji kusoma kwamba mtoto analala kwa bibi mwenye miaka zaidi ya sabini, nyumba ya chumba kimoja. Kwamba alikuwa akihudhuria shule hadi muhula wa pili, na mwalimu mkuu ameonyesha daftari la mahudhurio. Kwamba baba mdogo anayeishi jirani yuko tayari kumpokea, amehojiwa peke yake, na mke wake naye amehojiwa peke yake. Kila jambo liwe na chanzo: nimeliona, nimeambiwa na nani, nimelisoma wapi. Mambo mawili yakipingana yaandikwe yote mawili. Hili halifundishiki ubaoni. Linafundishika afisa akichukua kalamu nyekundu na kuirudisha rasimu mara tatu.

Lugha nayo isidharauliwe. Mwanafunzi aliyetoka mkoa mwingine atamwamkia bibi wa Buhigwe au Kasulu vijijini “mwakeye” na bibi atacheka kwa furaha, lakini mahojiano yakifika kwenye mambo ya ndani, bibi atarudi kwenye Kiha. Anayetafsiri mara nyingi ni jirani, mwenyekiti wa kitongoji au ndugu wa mtuhumiwa, na mtoto aliyefanyiwa ukatili hawezi kusema kitu mbele ya ndugu wa aliyemfanyia. Mkalimani awe mtu asiyehusika na familia, aelezwe wajibu wa kutunza siri kabla ya kuingia ndani, na jina lake liandikwe kwenye jalada.

Kuhusu siri tuseme wazi, maana hapa kosa linaanzia kwetu. Ripoti ya fildi hurudi chuoni, ikasomwa na wengi na pengine ikatunzwa maktaba. Jina la mtoto, kijiji chake na picha yake haviruhusiwi kuwemo. Mwanafunzi aandike “mtoto K, miaka 11”, na abadilishe chochote kinachoweza kumtambulisha. Picha za simu zisipigwe kabisa. Vilevile mwanafunzi asiende nyumba ya mteja peke yake, na asiahidi kitu. Kijana mwenye huruma anasema “tutakuletea godoro”, anaondoka Septemba, na anayebaki kudaiwa godoro ni afisa ustawi.

Tukija kwenye maombi, la kwanza ni kalenda. Vyuo vizipelekee halmashauri orodha za wanafunzi kabla ya mwisho wa Aprili, na halmashauri zijibu kwa maandishi kabla ya Juni kwisha, zikitaja jina la msimamizi, ili Jumatatu ya kwanza mwanafunzi aingie moja kwa moja kwenye meza yake. Wanaoomba kwenda kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu waanze mapema zaidi, kwa kuwa kambi haiingiwi bila kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani, na kibali hakifuati ratiba ya chuo.

La pili ni idadi. Afisa mmoja asipewe zaidi ya wanafunzi watatu kwa wakati mmoja. Kumi wakiwa ofisini, hakuna anayesimamiwa. Msimamizi awe amesomea ustawi wa jamii. Mtumishi mwingine hodari anaweza kufundisha mengi, ila hawezi kusahihisha ripoti ya fani asiyoifanya.

La tatu ndilo tunalolithamini kuliko yote: kila mwanafunzi akabidhiwe mashauri mawili tu, moja la matunzo na moja la ulinzi wa mtoto au la mzee, na ayafuate chini ya afisa kuanzia mlalamikaji anapoketi hadi jalada linapofungwa au kukabidhiwa. Makazi ya wazee ya Kibirizi yanafaa sana kwa hilo la mzee. Kila wiki kuwe na saa moja ya usimamizi ambayo simu imewekwa pembeni: mwanafunzi asome alichoandika, afisa aulize amejuaje. Wiki ya nane isianzishe shauri jipya. Ni ya kuandika muhtasari wa kila jalada, kumpeleka mteja kwa afisa anayebaki, na kumwambia mteja waziwazi, “Mimi naondoka Ijumaa, kuanzia Jumatatu utaonana na huyu.”

Upande wetu tutatoa mafunzo ya siku mbili kwa wasimamizi kila Juni bila malipo, tutabadilisha fomu ya tathmini ili nusu ya alama itoke kwenye ripoti iliyoandikwa badala ya mahudhurio, na msimamizi wa chuo atafika kituoni mara mbili, wiki ya tatu na ya saba, wala si siku moja ya kusaini. Tutakuja na rasimu ya mwongozo wa kurasa nne siku yoyote utakayotupangia, ili maelekezo yafike kwa wakurugenzi kabla ya orodha za Aprili.

Wako katika utumishi,

Walimu na wasimamizi wa fildi, fani ya ustawi wa jamii
Kigoma

Nakala: Wakurugenzi wa Halmashauri, Waganga Wakuu, Maafisa Ustawi wa Jamii