Simu za mkopo zinauzwa kwetu kama simu safi

Ndugu Mhariri, salaam. Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme hili jambo maana limenikuta mwenyewe, na tangu nianze kulisimulia hapa Mwaloni nimeshakutana na watu wanne yaliyowakuta yaleyale, wamekaa kimya kwa aibu tu.

Mimi nauza dagaa hapa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza. Simu kwangu ndo duka lenyewe, mteja wa Tabora hawezi kuja kuangalia mzigo kila wiki, namrushia picha kwenye WhatsApp anaona kama dagaa wamekauka vizuri au wana mchanga, akiridhika anatuma hela gunia linapanda gari. Sasa simu yangu ikadondoka ziwani nikiwa nashuka kwenye mtumbwi, na hela ya mpya sina kwa sababu mtaji wote uko kwenye mzigo, nikaenda mjini kutafuta ya mtumba. Kijana akanionyesha simu nzuri kweli, kioo hakina hata mchubuko, kava jipya, laki mbili na ishirini. Nikaweka laini yangu nikapiga ikaita, nikajaribu kamera iko poa, nikatoa keshi nikaondoka.

Siku ya kumi na tisa naiwasha alfajiri nipige picha dagaa, kioo kizima maandishi tu, simu imefungwa, lipa rejesho, na namba ya kupiga. Nikapiga kwa simu ya jirani yangu. Dada aliyepokea akaniambia kwa upole kabisa kwamba hiyo simu ilichukuliwa kwa mkopo, mtu akatoa kianzio akalipa wiki chache akaacha, na deni lililobaki lilikuwa kubwa kuliko hela niliyonunulia. Yule kijana namba yake haipatikani mpaka leo. Fundi akasema nimpe elfu arobaini aitoe loki, nikakataa, kwanza sio halali, halafu hizo loki mara nyingi simu ikishika tu intaneti zinarudi.

Ndugu zangu, kupiga na kupokea sio kipimo. Ningejua ningemwambia yule kijana aondoe akaunti yake ya Google mbele yangu, aingie kwenye settings afute kila kitu simu ianze upya, alafu niiunganishe na bando langu nikae nayo pale nusu saa mpaka imalize kujipanga. Kama kuna loki ya mkopo hapo ndo mara nyingi inajitokeza, na kama simu inadai akaunti ya mtu mwingine ambaye muuzaji hajui hata nywila yake, rudisha simu uondoke usisikilize maelezo. Akisema hawezi kufuta kwa sababu ana haraka, hiyo haraka yake ndo jibu lako. iPhone nayo vilevile, akaunti ya iCloud ya mwenzako ikibaki humo umenunua kioo cha kujitazamia.

Kuna namba tulifundishwa 2016 wakati TCRA, wale wasimamizi wa mawasiliano, inazima simu feki, *#06#. Inakupa IMEI, yaani namba ya utambulisho ya simu yenyewe, tarakimu 15, na simu ya laini mbili inaleta mbili. Linganisha na zilizoandikwa kwenye boksi, alafu tuma hiyo IMEI kwa meseji kwenda 15090 uone jina la simu linalorudi ni la simu uliyoshika au ni nyingine kabisa. Wengi tulishaisahau hii.

Na sisi wa ziwani tuna shida yetu ya maji. Simu iliyoingia maji inakaushwa, inauzwa, inafanya kazi mwezi mzima alafu sehemu ya kuchajia inakufa. Chomoa kile kijisahani cha kuwekea laini umulike ndani na tochi, ukiona kutu au ukungu wa kijani achana nayo. Betri pia, toa kava, ilaze simu chali kwenye kioo cha meza uisukume kidogo pembeni, ikizunguka kama pia ya watoto ujue mgongo umevimba. Mimi sikutoa kava, lilikuwa jipya linapendeza nikaona aibu kulivua. Na usinunue ya zamani mno kisa bei, WhatsApp siku hizi haifanyi kazi kwenye Android za zamani sana, wala kwenye iPhone 6.

Jingine ambalo ndo linaniuma zaidi ni keshi. Ningelipa kwa simu jina la aliyesajili ile laini lingetokea kabla sijathibitisha, na muamala ungebaki kwenye meseji zangu, polisi ningekuwa na pa kuanzia. Sasa nilienda sina risiti, sina jina, nina kava tu. Mwambie muuzaji akuandikie karatasi, jina lake, namba ya kitambulisho, IMEI, bei na tarehe, asaini. Wapo wenye meza waaminifu wanaoandika bila hata kuombwa na hao ndo tuwapelekee hela zetu.

Ombi langu Mhariri ni kwa makampuni yanayokopesha simu. Wekeni namba moja ambayo mtu yeyote anatuma IMEI bure anajibiwa hii ina deni au haina, basi. Nyie mnajua kila simu yenu inadaiwa shilingi ngapi, sisi wanunuzi ndo tuko gizani, na kijana anayeuza simu yenu kwa watu hawezi kufanya hiyo kazi kama mama muuza dagaa anaweza kuuliza kwa meseji moja kabla hajatoa hela yake. Na TCRA wawasimamie kwa hilo, kwa sababu 15090 tayari ipo, inaniambia simu ni aina gani, iniambie na kama inadaiwa.

Muuza dagaa,
Mwaloni Kirumba, Mwanza