Kwenda na kurudi, ndani ya saa moja

Side mzee wangu,

Salama huko? Sisi huku Moro tupo, mvua zimechelewa na wazee wanalalamika, mama anakusalimia sana anauliza unaoa lini, hilo mi simo, mtamalizana wenyewe. Nimezisikiliza voisi zako zote jana usiku, ile ya mwisho nimeirudia maana ulikuwa unapiga kelele mpaka simu inakwaruza, unasema gari la kwanza kuipita sauti ni lile la roketi la Budweiser la 1979, na wale Waingereza wa 1997 wamebebwa na makaratasi tu. Nikaona kwa voisi hatutafika, utanikatiza kabla sijamaliza, kwaiyo nakuandikia barua kabisa, soma taratibu ukiwa na chai.

Tuanzie hapa. Rekodi ya spidi ya ardhini sio ile namba kubwa kuliko zote ambayo gari limewahi kuigusa, watu wengi wanapotelea hapohapo. Mshale wa dashibodi hauhusiki, GPS ya fundi haihusiki. Wanaozitunza hizi rekodi ni FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, hawahawa wenye Formula 1, na masharti yao ukiyatoa lugha ya kisheria yanabaki machache tu: gari liwe na magurudumu manne au zaidi, dereva awe ndani anaendesha mwenyewe, lipite kwenye kipande kilichopimwa cha kilomita moja au maili moja likiwa limeshachanganya kabla ya kukiingia, alafu ligeuke lipite palepale kutokea upande wa pili ndani ya saa moja, ndo wanachukua wastani wa hizo mara mbili. Na huo wastani uizidi rekodi ya zamani kwa asilimia 1 walau, chini ya hapo unapewa pole.

Sasa kwanini urudi? Upepo, kaka, na mteremko. Hata Noah bovu ukiliachia linashuka Kitonga litakuonyesha spidi ambayo halijawahi kuiota, lakini ligeuze lipande uone. Kwenye yale mabonde ya chumvi huoni mteremko kwa macho, na upepo wa nyuma husikii ukiwa umefungiwa ndani ya kiputo cha kioo, ila kwa gari linalokimbia kilomita elfu moja kwa saa vitu vidogo vinakuwa vikubwa. Ukienda na kurudi, ulichopewa huku unanyang'anywa kule. Na saa moja ni kwa ajili ya wajanja, maana bila hiyo mtu angekimbia asubuhi, akafunga injini nyingine mchana, akasubiri upepo ugeuke jioni ndo arudi, aseme kaenda pande zote mbili. Ndani ya hiyo saa unatakiwa uligeuze gari, ujaze mafuta mapya, ufunge parashuti nyingine, ukague matairi na breki, na ukiona kitu hakijakaa sawa ni juu yako uende hivyohivyo au uache.

Zamani ilikuwa holela. 1911 pale Daytona, Marekani, Bob Burman alipita na Benz kwa kama kilomita 228 kwa saa, upande mmoja, Ulaya wakakataa kuitambua. 1914 Hornsted akaenda na kurudi Brooklands, Uingereza, naye na Benz, akapata wastani wa kama 200 hivi, wakaiandika. Unaona? Rekodi rasmi iko chini ya ile isiyo rasmi kwa kilomita karibu 28, na mi naona walikuwa sawa kabisa, maana ya Burman hatuna namna ya kujua ngapi ni za gari na ngapi ni za upepo.

John Cobb ndo ananiuma kidogo. 1947 kwenye chumvi za Bonneville, Utah, mara moja alipita zaidi ya maili 400 kwa saa, binadamu wa kwanza kufika hapo akiwa ardhini, lakini ile mara nyingine akapungua, wastani ukaja kilomita 634.39, ambayo ni maili 394. Ndo iliyoandikwa. Ilikuwa rekodi ya dunia bado, tena ilikaa miaka, ila ile 400 haikuwa yake. Alafu 1960 akaja Mickey Thompson hapohapo Bonneville na dude lake Challenger lenye injini nne za Pontiac, wakati wa kwenda akapata kama kilomita 654, watu wakaanza kushangilia, wakati wa kurudi gari likaharibika. Basi. Hakuna rekodi. Hakuna ya nusu, hakuna ya pole, jina lake kwenye orodha ya rekodi hiyo halipo.

Sasa mlinganishe na Craig Breedlove, Oktoba 1964. Huyu kaenda, karudi, kipande cha pili kimeshapimwa, anafungua parashuti zimekatika, anakanyaga breki zimeungua, gari limepiga nguzo ya simu likaruka likatumbukia kwenye dimbwi la maji ya chumvi, mkia tu ndo unaonekana juu. Jamaa katoka anaogelea, yuko salama, anatania watu kwamba sasa kilichobaki ni kujiwasha moto. Na rekodi yake, kilomita kama 847 kwa saa, ikahesabiwa! Sheria haiulizi gari limeishia wapi, inauliza limepita mara mbili au halijapita. Hapa huwa nacheka peke yangu, gari la Thompson lilikuwa limesimama juu ya chumvi halina kitu, hili liko chini ya maji lina rekodi ya dunia.

Haya, tuje kwa Budweiser yako. Sikatai kwamba Stan Barrett ni mwanaume, kukaa kwenye kile kitu ni moyo, roketi ndefu nyembamba yenye magurudumu matatu na juu yake wameongezea injini ya kombora la Sidewinder ili ipate msukumo wa mwisho. Ilikuwa tarehe 17 Desemba 1979, kambi ya jeshi la anga ya Edwards, California, kwenye ziwa lililokauka. Wakatangaza maili 739.666 kwa saa, yaani kama kilomita 1,190, na kwamba ni mara 1.01 ya mwendo wa sauti. Angalia hiyo 1.01 vizuri, Side. Wanadai wameipita sauti kwa asilimia moja, kwaiyo kipimo chako kikikosea kwa asilimia moja hujaipita. Na namba yenyewe haikutoka kwenye kipande cha maili chenye wapima muda mwanzo na mwisho, ilitoka kwenye rada ya kijeshi na kifaa cha kupima mchapuko, wakakaa wakapiga hesabu baadaye. Kipande cha kupimia muda walichokuwa nacho kilikuwa kifupi, kama mita 16. Kwa spidi ile mita 16 unazimaliza kwa sekunde 0.048 hivi, saa ikikosea kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde umeshaongeza au kupunguza kilomita 24 kwa saa, ambayo ni mara mbili ya ule ushindi wanaoudai. Piga mwenyewe na kikokotoo uone kama nakudanganya.

Na hakurudi. Hilo tu lingetosha, mengine nimekuongezea bure. Magurudumu matatu, upande mmoja, kipimo cha kukadiria, na ule mlipuko ambao kitu kikiipita sauti lazima utokee haukusikika. Najua utaniambia Chuck Yeager mwenyewe, rubani wa kwanza kuipita sauti angani, alisema anaamini Barrett aliipita. Sawa, aliamini. Inawezekana hata kweli iliipita, mi sikatai, nakataa kuiita rekodi.

Sasa hao unaowaita wa makaratasi. ThrustSSC, gari la kina Richard Noble, dereva Andy Green rubani wa jeshi la anga la Uingereza, injini mbili za Rolls-Royce za ndege ya kivita, tani kama 10, na usukani unageuza magurudumu ya nyuma, usiniulize alilalaje usiku. Jangwa la Black Rock, Nevada. Tarehe 13 Oktoba 1997 Green akaipita sauti wakati wa kwenda, akaipita sauti wakati wa kurudi. Mara mbili, siku moja, na wapima muda wa FIA wapo. Unajua kilichotokea? Walichelewa kugeuza kwa kama dakika moja. Saa moja ilishapita. Haikuhesabiwa kuwa rekodi.

Yani tuulize hapo, mtu anayebebwa na makaratasi si angebebwa siku hiyo? Dakika moja bana, hapa kwetu hata kikao cha harusi hakianzi kwa kuchelewa dakika moja. Wakafungasha, tarehe 15 wakarudi tena jangwani, wakaenda na kurudi ndani ya saa, wastani kwa maili ukawa kilomita 1,227.985 kwa saa, mlipuko ukasikika mpaka mji wa jirani wa Gerlach. Hiyo maili walikuwa wanaimaliza kwa sekunde kama 4.7. Na ilikuwa miaka 50 na siku moja tangu huyohuyo Yeager wako aipite sauti angani. Mpaka leo naandika haijavunjwa.

Sehemu moja nakupa haki, na sikupi kwa kukuonea huruma. Uliposema jeti sio gari. Hilo hata FIA wenyewe liliwasumbua. 1963 Breedlove alipita na gari lake la jeti kwa wastani wa kilomita kama 655, pande zote mbili vizuri kabisa, FIA wakasema hili lina magurudumu matatu na magurudumu yenyewe hayasukumwi na injini, sio gari, wakaichukua FIM ambao ni watu wa pikipiki. Mwaka uliofuata, Julai 1964, Donald Campbell akapata 648.73 kule Lake Eyre, Australia, kwenda na kurudi spidi ileile, akaandikwa yeye ndo mwenye rekodi ya magari wakati kuna mtu alishakimbia kuliko yeye. Mwisho wa mwaka huo FIA wakafungua mlango wa jeti na roketi. Kwaiyo leo rekodi ziko mbili ukitaka kuwa muungwana, ile kubwa kuliko zote ya Green, na ya magari ambayo injini inazungusha magurudumu, ambayo Don Vesco aliipeleka kwenye kilomita 737.794 mwaka 2001. Mi binafsi moyo wangu uko kwa Vesco. Jeti ikipewa magurudumu inakimbia kwa sababu inasukuma hewa, ingekimbia hata ukiiwekea ski. Vesco alikuwa anapigana na chumvi, tairi isiteleze.

Kingine cha ile asilimia 1, maana ulidhani nimeitunga. 1970 Gary Gabelich na roketi ya Blue Flame aliweka kilomita 1,001.67 kwenye maili na 1,014 na ushee kwenye kilomita. 1983 Noble na Thrust2 akapata 1,019.47 kwenye maili, ikapita. Kwenye kilomita akapata 1,020 na ushee, kubwa kuliko ya Gabelich, lakini haikufika asilimia 1, kwaiyo ya kilomita ikabaki kwa Gabelich mpaka Green alipokuja 1997. Mtu kakimbia zaidi na hajashinda, hapo hata mi nikasema eeh.

Zile Bugatti ulizotuma sitaki kuzimalizia karatasi. Ile kilomita 490 kwa saa ya 2019 ni kweli ilipimwa, ila upande mmoja. Ile SSC Tuatara ya 2020 ndo usiitaje tena, watu wamekaa na video wakapima alama za barabarani wakagundua gari halikuwa linakimbia kama walivyotangaza, kampuni yenyewe ikakubali namba hazikuwa sawa, wakarudia 2021 pande zote mbili wakapata kama 455.

Na kama unataka la kufuatilia lenye Afrika ndani yake, tafuta gari la Bloodhound pale Hakskeenpan, Afrika Kusini. Wenyeji mamia waliajiriwa wakaokota mawe jangwani kwa mikono, maelfu ya tani, ili njia iwe safi. Novemba 2019 Green akafika kama kilomita 1,010 kwa saa na timu ikasema wazi ni majaribio, hawakudai rekodi yoyote. Tangu hapo gari linasubiri hela.

We nijibu hilo la magurudumu tu: jeti ni gari au sio gari? Andika, usitume voisi. Msalimie shangazi, mwambie lile jiko lake nalituma na basi la Ijumaa.

Mudi