Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Miradi ya Wanafunzi na Viwanda

Ndugu wanachama,

Sehemu kubwa ya taarifa hii inahusu wiki za kabla ya mhula, wakati chuo na kampuni wanapokubaliana tatizo gani lifanyiwe kazi. Kamati ilipoichambua miradi iliyokwama, iliona kwamba mingi iliharibikia hapo, wanafunzi wakiwa hata hawajapangwa kwenye timu.

Kazi yetu ina watangulizi. Chuo cha Harvey Mudd, California, kimekuwa kikikabidhi timu za wanafunzi matatizo ya makampuni tangu 1963, na Chuo Kikuu cha Aalborg, Denmark, kilichofunguliwa 1974, kilijenga ufundishaji wake juu ya miradi ya vikundi. Ila Harvey Mudd mradi huchukua mwaka mzima wa masomo. Wengi wetu tuna mhula mmoja tu, na bado tunapokea matatizo ya ukubwa uleule.

Hati ya tatizo isizidi ukurasa mmoja. Iseme nani anaathirika, mara ngapi, hasara ni nini, na kipi kimeshajaribiwa. Isitaje suluhisho. Kampuni ikiandika "tunahitaji programu ya simu ya kufuatilia mizigo ghalani", imeshajijibu. Wanafunzi wataitengeneza programu, watapata alama zao, na mizigo itaendelea kupotea kwa sababu mpokeaji ana mikono miwili na yote imebeba boksi. Tatizo lenyewe ni mizigo kupotea. Hilo ndilo liandikwe.

Kazi ambayo ikichelewa uzalishaji unasimama, tusiipokee: wanafunzi wana mitihani. Na ile ambayo hakuna mtu kiwandani atakayeuliza imefikia wapi, tusiipokee pia. Kampuni itaje mtu mmoja atakayetenga walau saa 2 kwa wiki, pamoja na msaidizi wake, maana watu huhamishwa katikati ya mradi na timu ikabaki yatima.

Mkataba wa usiri na haki miliki uanze kushughulikiwa wiki 6 kabla ya mhula. Wanasheria hawajui kalenda ya chuo. Ueleze matokeo ni ya nani, na mwanafunzi anaruhusiwa kuonyesha nini akiomba kazi. Sampuli ya data itolewe kipindi hichohicho, kwa kuwa kasoro zake huonekana inapofunguliwa tu: saa za mashine mbili zikipishana dakika chache, huwezi kujua ni ipi iliyosimama kwanza.

Mhula wa wiki 15 tunapendekeza uende hivi. Wiki 3 za mwanzo hakuna kutengeneza chochote. Timu ikae kiwandani na kutazama, zamu ya usiku ikiwemo. Wiki ya 4 hati iandikwe upya na pande zote mbili zisaini tena. Vifaa viagizwe kabla ya wiki ya 5 kwisha, na kufikia wiki ya 8 kifaa cha majaribio kiwe kimefungwa kiwandani, si maabara. Kihisi, yaani kifaa cha kupimia, kinachosoma vizuri mezani huanza kuruka namba kikiwekwa karibu na mota kubwa, kwa sababu waya mrefu unaobeba volti ndogo hunasa mawimbi ya umeme ya jirani. Tumieni ishara ya mkondo wa umeme ya miliampea 4 hadi 20 na waya wenye kinga. Faida yake nyingine: tangi tupu husoma 4, hivyo ikisoma 0, mnajua waya umekatika, hamdhani tangi ni tupu.

Timu iwe ya watu 4 hadi 6. Chini ya hapo, akiugua mmoja kazi inalala. Juu ya hapo, kuna atakayebebwa. Kabla ya kuangalia ujuzi wao, angalieni ratiba: timu isiyo na saa 2 za pamoja kwa wiki haitakutana. Wanafunzi wapimane wenyewe wiki ya 7 na mwisho wa mhula. Kipimo cha wiki ya 7 ndicho chenye nafasi ya kurekebisha kitu.

Kampuni itoe maoni, alama zitolewe na chuo. Timu iliyothibitisha kwa vipimo kwamba wazo haliwezekani imefanya kazi nzuri, hata kama mshirika amenuna.

Makabidhiano yafanyike wiki ya 13. Fundi wa kampuni akiwashe kifaa kwa kufuata maandishi pekee, timu ikiwa kimya pembeni. Atakapokwama ndipo pa kuandika upya, na wiki 2 za kufanya hivyo bado zipo.

Hesabu atazisoma mweka hazina. Mimi naomba tu kila bajeti ya vifaa itengewe sehemu ya kumi kwa vitakavyoungua.

Hoja za kupigiwa kura ni mbili: kwamba mradi usio na hati ya tatizo iliyosainiwa usipangiwe timu, na kwamba kampuni isiyotaja msaidizi isubiri mhula unaofuata.