Mtoto anayeondoka kijijini naye aandikwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo wengi wetu huku Kusini tunalijua ila tunalikwepa, yaani namna watoto wetu, hasa wasichana, wanavyochukuliwa vijijini kwa ahadi ya kazi za ndani, kazi ya duka au nafasi ya masomo mjini, kisha wakaishia kutumikishwa bila mshahara, na baadhi yao kufanyiwa mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mimi ni mjumbe wa kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya kijiji kimoja wilayani Masasi, mojawapo ya kamati zilizoundwa chini ya mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili, MTAKUWWA, ulioanza mwaka 2017/18, na mengi ya ninayoyasema yamepita mbele yetu kikaoni.

Tangu machafuko yalipozuka Cabo Delgado, ng'ambo ya mpaka nchini Msumbiji, mwaka 2017, na zaidi baada ya kijiji cha Kitaya hapa mkoani Mtwara kushambuliwa Oktoba 2020, vijiji vya mkoa wetu vimejifunza kuwa macho. Mgeni akilala kwa mtu, mwenyekiti wa kitongoji hupewa taarifa, na asipopewa huenda mwenyewe kuuliza. Ulinzi huo ni mzuri na uendelee, lakini wote umeelekezwa kwa anayeingia. Anayetoka alfajiri na mtoto wa watu, akampakia kwenye bodaboda hadi stendi, hana wa kumuuliza, maana wote wanamfahamu: ni mama mdogo wa mtoto, ni binamu wa baba, au ni jirani aliyewahi kuishi Mbagala na sasa anajulikana kwa kuwatafutia watu wasichana wa kazi.

Wakati wa kuchukua watoto nao unafahamika. Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba na kidato cha kwanza huanza Januari. Katikati hapo binti yuko nyumbani, pengine ametoka unyagoni na anahesabiwa kuwa amekua ingawa ana miaka kumi na mitatu, huku fedha ya korosho ikiwa haijaingia au imeshaliwa na madeni. Anayemchukua huacha fedha kidogo ya mahitaji na ahadi kwamba mshahara utatumwa kwa simu kila mwezi. Wakulima wenzangu wataikumbuka kangomba, ambapo mwenye shida huchukua fedha kwa mlanguzi miezi ya njaa na kuahidi korosho ambazo bado ziko mtini. Kangomba tumeipiga vita kwa miaka mingi, na leo gunia la korosho likifika kwenye chama cha msingi hupimwa, huandikwa jina la mwenyewe na hutolewa stakabadhi. Kwa mtoto anayetoka kijiji hichohicho hakuna mahali panapoonyesha amekwenda wapi wala na nani.

Sheria tunayo. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ni ya mwaka 2008, na marekebisho ya mwaka 2022 yaliondoa nafasi ya mkosaji kulipa faini badala ya kwenda jela. Jambo ambalo wazazi wengi hawalijui, na tukiwaeleza hushtuka, ni kwamba anayesafirishwa akiwa mtoto, ridhaa yake, ya mzazi au ya mlezi haiwi utetezi mbele ya mahakama. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa mtoto kufanya kazi, tena kazi nyepesi isiyomdhuru afya wala kumzuia masomo. Kuamka saa kumi usiku kuandaa vitafunwa vya kuuza na kulala baada ya wenye nyumba kulala si kazi nyepesi, hata kama mwenye nyumba ni ndugu.

Mwaka jana alikuja ofisi ya kijiji mama mmoja na kipande cha karatasi ya daftari la hesabu chenye namba ya simu ya mwanamke aliyemchukua binti yake. Mtendaji alipiga, haikuita. Tukaihesabu: ilikuwa na tarakimu tisa, wakati namba zetu za simu zina kumi. Mama yule hakuwa na jina kamili la mwanamke yule, wala mtaa, wala jina la mwajiri. Binti alipatikana baadaye kwa sababu kijana wa bodaboda aliyewabeba alilikumbuka basi walilopanda, na kondakta wa basi hilo naye akakumbuka waliposhukia. Kwa maneno mengine, walioutoa msaada mkubwa ni watu wawili ambao hakuna semina iliyowahi kuwaita.

Pendekezo langu, kwa hiyo, ni dogo na halihitaji mfadhili. Kila ofisi ya kijiji iongeze kurasa katika daftari la wakazi ambamo mtoto yeyote wa chini ya miaka 18 anayeondoka kwenda kuishi au kufanya kazi nje ya wilaya ataandikwa: anakwenda wapi, kwa nani, nani anamchukua, kitambulisho cha mchukuaji, na namba ya simu ambayo itapigwa palepale mbele ya mtendaji hadi ipokelewe. Baada ya mwezi mmoja kamati impigie mtoto na izungumze naye mwenyewe, kwa kuwa mwajiri siku zote atasema mambo ni mazuri. Huduma hii iwe bure kabisa, maana siku itakapotozwa hata shilingi elfu moja itageuka kuwa mradi wa mtu, kama zilivyogeuka barua za utambulisho katika baadhi ya ofisi.

Najua kuna watakaosema kwamba kulelewa na ndugu ni desturi yetu na kwamba serikali ya kijiji isiingilie ya nyumbani. Desturi hiyo siipingi, wengi wetu tumesomeshwa nayo. Ndugu mwenye nia njema hatapungukiwa kitu kwa kuandikwa. Kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, mjomba ana sauti kubwa juu ya watoto wa dada yake, na nimeona mara kadhaa mama akikataa huku mjomba akiwa ameshakubali. Kwa sababu hiyo mikutano ya kuelimisha wazazi inayowaacha wajomba nje haifiki mbali. Vivyo hivyo kwa makungwi: wao ndio wanaosikilizwa na mwali kuliko mwalimu wake wa darasa, nao wakikubali kumwambia kuwa kuchezwa ngoma hakujamfanya mtu mzima wa kwenda kuajiriwa, na kumfundisha namba 116 ya simu kwa mtoto ambayo haina malipo, watakuwa wamefanya kazi ambayo mabango yetu hayajaiweza.

Ninakoona tumelegea zaidi ni kwa wanaorudi. Binti niliyemtaja alirudi na begi lilelile la shule alilokwenda nalo, na kabla hajamaliza wiki kijiji kilikuwa kimeshamhukumu. Waliokuwa wakimsifu kwa kupata bahati ya mjini ndio waliouliza mbona hakuleta hata kitenge cha mama. Kwa wenye kesi hali ni ngumu zaidi, kwani mara nyingi shauri hufunguliwa kule walikotumikishwa, likaahirishwa na kuahirishwa, nauli ya shahidi haijulikani itatoka wapi, na ndugu wa mtuhumiwa wanakuja usiku kuomba yaishe kifamilia. Mama wa mtoto akikubali simlaumu kama wengine wanavyomlaumu, kwa kuwa hakuna aliyempa njia nyingine.

Mji wa Masasi wenyewe una kumbukumbu juu ya hili. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA aliwaleta hapa kutoka Zanzibar, kwa njia ya Lindi, watu walioachiwa huru kutoka utumwani, nao wakapata mahali pa kujenga na kulima wakawa wenyeji. Mahitaji ya anayerudi leo hayajabadilika sana. Aliyeacha masomo anaruhusiwa kurejea shuleni kwa mujibu wa uamuzi wa Serikali wa Novemba 2021, na mkuu wa shule asimzungushe kwa barua juu ya barua. Aliyepita umri wa shule apelekwe chuo cha maendeleo ya wananchi akajifunze ushonaji au ufundi mwingine anaoutaka. Asiyeweza kulala kwao, kwa sababu aliyemuuza yumo ndani ya nyumba hiyohiyo, akabidhiwe kwa walezi wa kuaminika chini ya usimamizi wa afisa ustawi wa jamii.

Fedha zipo zikipangwa. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na hakuna kinachozuia maafisa maendeleo ya jamii kuwasaidia wasichana waliorudi, wakishatimiza miaka 18, kuunda kikundi au kuingizwa katika vikundi vilivyopo. Nauli ya shahidi na ya mzazi wake kwenda mahakamani inaweza kutoka katika fedha ambazo kijiji hupata wakati wa korosho, mkutano mkuu wa kijiji ukiridhia.

Naziomba halmashauri za Mtwara na Lindi zitoe maelekezo ya daftari hilo kwa watendaji wa vijiji mapema, kabla watoto wa darasa la saba hawajamaliza mtihani wao Septemba, na nakala ya maelekezo hayo ibandikwe katika stendi za Mkanaledi (Mtwara mjini), Masasi na Lindi, mahali ambapo makondakta na wapiga debe wataisoma.

Wako,
Mjumbe wa kamati ya kijiji,
Masasi, Mtwara
(Jina limehifadhiwa)