Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Danny Healy-Rae: niulizie swali moja tu la leseni ya gari huko Dáil, bunge la Ireland

Mheshimiwa Danny, shikamoo mzee.

Najua Kiswahili hukijui, na mimi Kiingereza naongea vizuri tu, lakini hii naiandika kwa lugha yangu kwa sababu tuko Wakenya na Watanzania wengi hapa Ireland tunaoogesha wazee wenu, tunawavalisha soksi, tunawakumbusha dawa, na wengi wetu tunakujua tu kama yule mbunge wa Kerry, kule kusini-magharibi, mzee wa kofia anayefoka kwenye klipu. Nataka nao wasome. Wewe mtafsiri hutakosa, Kerry hii imejaa watu.

Kwanza nikuombe radhi. Nilipofika hii nchi nilianzia Dublin, na watu wa kazini ndio walionionyesha video zako, tukacheka wote. Ile ya 2016 ulipoliambia bunge kwamba hali ya hewa iko mikononi mwa Mungu na sisi hatuna la kufanya, nilicheka mpaka chai ikanipalia, maana mchungaji wetu kule nyumbani Wundanyi, Kenya, angeweza kusema hivyohivyo na asingepigwa picha na mtu. Halafu wakanisimulia ile ya Januari 2013, ukiwa bado diwani, hoja yako kwenye council ya Kerry, mkapitisha watano kwa watatu, eti waziri aruhusu polisi wawape vibali wazee wa mashambani wakinywa mbili tatu waendeshe gari pole pole mpaka nyumbani. Na wewe mwenyewe una baa Kilgarvan! Nikasema huyu ndiye mwamba ngoma kabisa, ngozi anaivutia kwake.

Kwa pombe na usukani sikubaliani na wewe hata leo, tuelewane hapo. Lakini nikahamia Kerry.

Mzee, mimi ni Mtaita, milima naijua, barabara za kona na ukungu nimezaliwa nazo, ila kwetu ukisimama kando ya barabara nusu saa lazima matatu ipite, au pikipiki, au pickup ya mtu anapeleka kabeji sokoni. Huku juu nimesimama saa nzima nikaona kondoo na trekta moja, trekta yenyewe ilikuwa inaelekea kule ninakotoka. Ndio nikaanza kuelewa ulikuwa unaongelea nini. Mzee wa miaka 80 anaishi peke yake, jirani yake wa karibu ni taa tu unaiona usiku ng'ambo ya bonde, posta ilikuwa ndiyo mahali pa kuongea na mtu na posta 159 zilianza kufungwa 2018, kituo cha polisi usiulize maana vilifungwa 139 nchi nzima ile 2012 na 2013, kimebaki nini, kanisa Jumapili na baa. Jibu lako lilikuwa baya, swali lilikuwa la kweli. Wale wa Dublin waliishia kwenye jibu, na mimi nilikuwa nao.

Kuna bibi mmoja ninayemtunza, jina lake silitaji, anaishi juu kabisa barabara inapokatikia. Alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, foleni ya hospitali za serikali ilikuwa ya miaka. Alipanda ile basi yenu, ile wewe na mbunge mwenzako Michael Collins wa West Cork mlianza kuzipeleka mwezi wa 12 mwaka 2017, Kerry mpaka Belfast, Ireland Kaskazini iliyo chini ya Uingereza, nchi nyingine kabisa kisheria, siku nzima barabarani na viti vimejaa wazee wanaosali rozari. Mgonjwa analipa kwanza halafu serikali inamrudishia, zamani kwa sheria ya Ulaya ya matibabu ya kuvuka mpaka, na tangu 2021, baada ya Brexit, kwa mpango wa Ireland yenyewe. Ananiambia hiyo stori kila Jumanne kama vile sijawahi kuiskia. Aliporudi aliona vumbi kwenye kabati lake la vyombo akaona aibu, ati wageni walikuwa wanaliona miaka yote hiyo na hakuna aliyemwambia. Sasa huyo bibi ukimwambia Danny ni mchekeshaji atakufukuza na fimbo, na fimbo anayo.

Basi nikajifunza kwamba wewe mzee ukiletewa jambo la kushika kwa mikono unalishika. Ndio maana nakuletea langu, na langu ni gari.

Nimeendesha Kenya miaka tisa. Voi, Mwatate, Wundanyi mpaka Mombasa, mkono wa kushoto kama huku huku. Leseni ya Kenya hapa haibadilishwi. Ya Sauzi inabadilishwa, ya Japani, ya Australia, ya New Zealand, unapeleka fomu wanakupa ya Ireland, lakini ya kwetu ukishakuwa mkazi inakuwa karatasi ya kumbukumbu. Unaanza moja. Mtihani wa nadharia, permiti ya mwanafunzi wa udereva, kibao chenye L nyekundu mbele na nyuma, masomo ya kulipia (anayeanza kabisa ni 12, sisi wenye leseni za nje tunapunguziwa), halafu ulipe euro 85 ya testi, halafu ungoje. Mwezi wa nne 2025 wastani wa kungoja nchi nzima ulikuwa kama wiki 27, na watu kwenye foleni walipita laki moja. Wakaahidi kufika Septemba itashuka mpaka wiki 10. Mimi siongei takwimu mzee, naongea bibi aliye kitandani saa mbili asubuhi anangoja mtu wa kumwamsha.

Maana kungoja kwenyewe si kwamba unaendesha huku unangoja. Mwenye permiti lazima akae na mtu mwenye leseni kamili ya miaka miwili au zaidi. Nimtoe wapi huyo mtu mlima mzima kila asubuhi? Mume wangu yuko Kenya. Sheria ya 2018 ndiyo ilikaza zaidi, ikasema anayemwachia mwanafunzi gari aende peke yake naye ana kosa na gari linaweza kuzuiliwa, na wewe na ndugu yako Michael mliipinga hiyo sheria usiku na mchana mpaka waziri wa uchukuzi wa wakati ule, Shane Ross, akachoka na nyinyi. Nilikuwa nawaona watu wa hovyo. Sasa mimi ndiye yule mtu mliyekuwa mnamsema, ila sura yake mlidhani ni ya kijana wa kijijini Sneem anayeenda chuo.

Na bado sitaki hiyo sheria iondolewe. Ilitokana na mwanaume wa Cork aliyepoteza mke na binti yake siku moja, mwezi wa 12 mwaka 2015, kwa ajali ya gari la mwanafunzi wa udereva aliyekuwa peke yake. Nilisoma habari yake nikafunga simu nikakaa. Kwa hiyo usije ukasimama ukaniombea niruhusiwe kuendesha peke yangu na kibao cha L, hapana. Nataka nipimwe. Nipeni tu siku, nikianguka ni mimi.

Mwajiri wangu (simtaji, na kusema kweli si mtu mbaya) alinipunguzia masaa kwa sababu wateja wa milimani siwezi kuwafikia. Mabasi madogo ya Local Link yapo, madereva wake wananijua kwa jina na mmoja huniuliza hali ya mama yangu, lakini ratiba yake imepangiwa mtu anayekwenda kliniki au dukani, haikupangiwa mtu wa kuzunguka nyumba nne kabla ya saa sita mchana. Kwa hiyo mjini wenye kutunza wapo, na huko juu wazee wameidhinishiwa masaa ya kutunzwa kwa karatasi na hakuna anayefika. Wewe umeshalisema hili la masaa ya wazee mara nyingi. La leseni na hili ni jambo moja, ila wanaliweka kwenye wizara mbili.

Swali lenyewe ni hili, ulitafsiri unavyotaka, lahaja yako ya Kilgarvan iache kama ilivyo kwa sababu nusu ya wabunge wenzako hawaielewi na wanalazimika kusikiliza kwa makini. Muulize waziri wa uchukuzi: mtu mwenye kazi ya kutunza wazee majumbani, ana permiti, amemaliza masomo, kwa nini asiwekwe mbele kwenye foleni ya testi ya Killarney na Tralee? Na ukibaki na dakika, muulize mazungumzo na Kenya ya kubadilishana leseni yanazuiliwa na nini.

Zamani ungesema uko upinzani huna mkono. Januari 2025 ndugu yako alipewa uwaziri mdogo, misitu ikawa kwake, na wewe kura yako ukampa Micheál Martin awe waziri mkuu. Babenu Jackie naskia aliiunga mkono serikali ya 1997 na kila alipogeuka barabara ya Kerry Kusini ilipata lami, sijui kama ni kweli yote lakini wazee wa hapa wanaapa hivyo na vikombe mkononi. Mimi siombi lami.

Nikukumbushe na hili kabla sijamaliza. Kura ya Dáil sina, mpaka niwe raia. Ya council ninayo, sheria inampa mkazi yeyote, na wanao Johnny na Maura ni madiwani, na uchaguzi wa 2029 si mbali. Sikutishi mzee, nakuhesabia tu.

Kama utapita barabara ya Kenmare asubuhi na mvua, ukaona mwanamke mweusi na koti la rangi ya chungwa anatembea upande wa kulia akitazamana na magari kama alivyofundishwa, ni mimi. Simama. Nitakuonyesha permiti, imebaki miezi saba iishe.

Wako,
Mtunza wazee, Kerry