Ukapera si kanuni ya hesabu

Mhariri,

Miongoni mwa vijana wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) hapa Mtwara kuna usemi kwamba anayetaka kubobea katika hesabu na fizikia asioe wala asiolewe, ajifungie chumbani na vitabu vyake. Mfano wanaoupenda ni Isaac Newton, ambaye kweli alikufa kapera. Sisi tunafundisha masomo hayo, na tunaona usemi huo umechanganya vitu vitatu: ukapera, upweke na faragha. Hesabu inadai faragha, tena kwa kipimo. Hivyo vingine viwili haivihitaji.

Tuanze na huyo Newton. Alipopata nafasi ya uanachuoni katika chuo cha Trinity, Cambridge, Uingereza, mwaka 1667, kanuni za chuo zilikataza watu wa ngazi hiyo kuoa, na marufuku hiyo haikuondoka Cambridge hadi karne ya 19. Kuwahesabu makapera wa chuo kile kuwa ushahidi ni sawa na kusema mapadri wa Ndanda hawaoi kwa sababu wanajua Kilatini.

Ni kweli pia kwamba tauni ilipofunga chuo, alirudi kwao Woolsthorpe na akiwa huko akapiga hatua kubwa. Lakini hoja zake kuhusu mvutano na njia za sayari zilikaa miaka mingi bila kuwa kitabu. Mwaka 1684 mwanaastronomia Edmond Halley alimpigia hodi na swali moja: sayari ikivutwa na Jua kwa nguvu inayopungua kwa mraba wa umbali, itapita njia gani? Swali hilo, pamoja na Halley kumsukuma na kugharamia uchapishaji, ndilo lililozaa kitabu chake cha mwaka 1687, Principia. Tusiwasimulie vijana habari za Woolsthorpe tukamsahau mgeni aliyebisha hodi.

Upande wa pili yupo mwanahisabati Leonhard Euler, baba wa watoto 13. Mwenzake Andrew Wiles alijificha miaka saba akitafuta uthibitisho wa nadharia ya Fermat, fumbo la kale la hesabu, akiwa na mke na watoto. Alipoutangaza uthibitisho huo mwaka 1993, wakaguzi walikuta pengo, na pengo hilo lilizibwa mwaka 1994 akisaidiana na Richard Taylor, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake. Naye mwanahisabati Paul Erdős, kapera asiye hata na nyumba, aliandika makala na watu zaidi ya 500. Huyo upweke aliupatia wapi?

Kwa nini macho ya pili yanahitajika? Chukua nazi inayodondoka kutoka mita 20. Muda wake ni kipeuo cha pili cha 40 ukigawa kwa 9.8, yaani sekunde 2.02. Mwanafunzi aliye peke yake hugawa 20 kwa 2.02, akapata mita 9.9 kwa sekunde, akaandika kwamba ndiyo kasi ya kugonga ardhi. Vizio viko sawa, na namba inaonekana ya kweli. Lakini hiyo ni kasi ya wastani. Kasi ya mwisho ni maradufu yake, 19.8. Akirudia hesabu mara kumi atapata kosa lilelile mara kumi, maana aliyelikosea ndiye anayelikagua. Mwenzake akimuuliza tu, "hii kasi ni ya wapi, juu, katikati au chini?" kosa linajitokeza.

Hata hivyo diskasheni bila kazi ya faragha ni kunakiliana. Kipimo tunachowapa wanafunzi ni dakika 90, swali moja gumu, simu ikiwa chumba kingine. Saa kumi alfajiri inafaa, nyumba ikiwa bado imelala. Dakika 20 za mwanzo ni za mchoro, kilichotolewa na kinachotafutwa. Zikipita dakika 40 bila mstari mpya, aandike kwa sentensi moja amekwama wapi, kisha aache. Majibu ya nyuma ya kitabu yabaki yamefungwa. Sentensi hiyo ndiyo tiketi ya kuingilia kwenye diskasheni. Wakae watatu au wanne, mmoja ubaoni, wengine wakidai sababu ya kila mstari. Wakizidi hapo, wawili hufanya kazi na waliobaki hunakili. Kukesha hatukushauri: mtu aliyechoka hupoteza alama ya kutoa kwenye mstari wa tatu, akaitafuta hadi asubuhi.

Kwa mabinti shida ni nyingine kabisa. Mzazi husema, "asome kwanza, ndoa baadaye," jambo jema, kisha maji, jiko na wadogo wote vikawa vyake hadi saa nne usiku. Huyo amepewa ukapera bila faragha. Afanyiwe zamu: siku tatu kwa wiki kaka zake washike jiko, naye apate meza, taa na mlango unaofungwa. Msimu wa korosho ukianza Oktoba zamu hizo ndizo za kwanza kufa, kwa hiyo zipangwe Septemba, kabla magunia hayajaingia sebuleni.

Walimu wa hisabati na fizikia,
Shangani, Mtwara