Kabla ya kubadilisha kadre, geuza tablo: historia ya picha za Lubumbashi iko nyuma

Ukiwa na tablo (picha ya kuchorwa) ya zamani ukutani na unataka kadre (fremu) mpya, igeuze kabla ya kumwita fundi. Mbele kuna picha. Nyuma kuna karatasi ya aliyeiuza, namba ya penseli, jina la mtu aliyezawadiwa, pengine herufi za kiwanda cha unga. Fundi asiyejua hung'oa kartoni ya nyuma na kuitupa, kisha hukata kingo za kitambaa ili zienee kwenye kadre. Kazi hiyo haimalizi nusu saa, na ushahidi uliotupwa haurudi.

Katika galeri (nyumba ya kuonyesha na kuuza picha) ya mume na mke kama yetu, mmoja hushika mbao na vioo, mwingine daftari. Daftari ndilo zito zaidi. Mfano mzuri uko Ufaransa: Aimé na Marguerite Maeght walitokea kwenye duka la uchapishaji mjini Cannes, wakafungua galeri Paris mwaka 1945, na kuanzia 1946 wakawa wanachapisha toleo la kuandamana na maonyesho yao. Mwenye picha iliyopita kwao ana mahali pa kuanzia kuitafuta.

Mwaka huohuo wa 1946, hapa Élisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa wakati ule, Pierre Romain-Desfossés alianzisha karakana iliyojulikana kama Hangar. Hakutaka wanafunzi wake waige uchoraji wa Ulaya. Kila mmoja alitafuta mkono wake. Alipofariki mwaka 1954, karakana iliunganishwa na chuo cha sanaa ambacho Laurent Moonens alikuwa amekianzisha mwaka 1951. Kazi nyingi zilinunuliwa na wageni zikatoka mjini. Ndiyo maana, kwa tablo nyingi za wakati ule, mgongo wake ni daftari lake.

Mkono wa mchoraji nao husema. Kati ya wanafunzi wa Hangar, Bela Sara alipaka rangi kwa ncha za vidole. Mwenze Kibwanga alijenga miili ya watu na wanyama kwa mistari mifupi ya rangi iliyopangwa sambamba. Pili Pili Mulongoy alipenda samaki, ndege na majani, akijaza nafasi kwa alama ndogo ndogo. Washa tochi ubavuni mwa picha, karibu na ukuta, si mbele yake: mwanga wa kando huonyesha kama alama ni ya kidole au ya brashi. Lakini mtindo peke yake si cheti. Mitindo hiyo imeigwa sana, na wenyewe waliendelea kuchora baada ya Hangar kufungwa. Anayekupa mwaka wa picha kwa kutazama samaki tu, usimlipe.

Majina ya mahali husaidia zaidi. Mji uliacha kuitwa Élisabethville mwaka 1966. Nchi iliitwa Zaire kuanzia 1971 hadi 1997, na katika enzi hiyo jimbo letu la Katanga liliitwa Shaba. Kwa hiyo karatasi yenye neno Shaba haikuandikwa kabla ya miaka ya 70, hata muuzaji akiapa kwamba picha ni ya wakati wa Wabelgiji. Angalia tu kama karatasi yenyewe haikubandikwa baadaye: gundi mpya juu ya mbao kuukuu huonekana, na chini ya karatasi ya zamani mbao huwa na rangi tofauti na pembeni.

Picha za miaka ya 70, kama za Tshibumba Kanda-Matulu aliyechora historia ya nchi nzima tablo baada ya tablo, mara nyingi ziko juu ya kitambaa cha magunia ya unga. Herufi za gunia zikionekana nyuma, usizifue wala usizipake rangi. Kitambaa hicho ni chepesi, na rangi yake hupasuka pale kilipokunjwa. Kikunjo kikishapasua rangi, pasi haikitengenezi. Joto hulainisha rangi na kuigandisha kwenye kitambaa cha pasi. Ikilazimika kusafirishwa bila mbao, izungushe kwenye bomba pana la sentimita 15 au zaidi, upande wa rangi ukitazama nje. Ukiuweka ndani, rangi hujibana na kuinuka.

Kuandikisha tablo kwetu hufuata utaratibu huu. Tunaipiga picha mbele, nyuma, kwenye sahihi na kwenye kila karatasi kabla ya kugusa msumari. Tunapima kimo kwanza, halafu upana, bila kadre. Tunaandika ni rangi gani na iko juu ya nini, nani alimpa nani, mwaka gani, na tunatenganisha yaliyoandikwa kwenye tablo na yaliyosimuliwa na familia. Masimulizi ya mama mzee ni ya thamani, lakini yaandikwe kama masimulizi. Namba ya daftari huandikwa kwa penseli laini kwenye mbao za nyuma. Bik (kalamu ya wino) kwenye kitambaa hapana: wino hupenya na miaka ikipita hutokea mbele. Kartoni ya zamani haitupwi, huwekwa kwenye bahasha yenye namba ileile.

Kazi za gwashi (rangi nzito ya maji) juu ya karatasi ndizo zinazotuumiza moyo, kwa sababu huharibiwa na usafi. Gwashi huyeyuka kwa maji hata baada ya miaka mingi. Kitambaa kibichi kikipita mara moja, mabawa ya ndege yamekwenda. Vumbi jekundu la kiangazi liondolewe kwa brashi laini kavu, tena juu ya kioo. Kioo kisiguse rangi. Acha milimita 3 au 4 kwa kuweka kartoni iliyokatwa dirisha, la sivyo unyevu wa masika hunasa katikati na ukungu huota. Skochi (utepe wa gundi) ni marufuku: gundi yake hugeuka kahawia na kuingia kwenye karatasi. Tunashikilia kwa vipande vidogo vya karatasi nyembamba na uji wa wanga, upande wa juu tu, ili karatasi ipate kupumua.

Usitundike tablo kwenye ukuta unaopigwa na mvua, wala karibu na mbabula (jiko la makaa). Moshi wa makaa huacha utando wa mafuta unaoshika vumbi. Vipande viwili vya koki (kizibo cha chupa) nyuma, pembe za chini, huacha upenyo wa hewa. Na ukiona tundu dogo kwenye mbao, tandaza karatasi nyeupe chini yake kwa wiki mbili. Unga mpya ukidondoka, mdudu yu hai. Itenge na tablo nyingine, kisha ilete kwetu pamoja na kadre yake yote, bila kuifungua.